Fundi wa Bandia

Mchana natengeneza meno.
Hapa Longton, ghorofa ya pili, juu ya duka la mazulia,
nakoroga unga wa kaure, nalinganisha rangi
na kadi yenye weupe wa aina kumi na sita,
maana hakuna aliye na meno meupe kweli:
kuna weupe wa chai, wa sigara, wa miaka.
Jino zuri la bandia ni lile lenye dosari kidogo.

Usiku natengeneza bunduki.

Usishtuke. Hizi hazili nyama.
Zinatema gololi za plastiki, nyeupe kama punje za mtama,
kwa pumzi ya gesi iliyofungiwa ndani ya magazini.
Ya kwanza niliinunua kwa Desmond Tranter,
dereva mstaafu wa lori la maziwa.
Ukutani mwa gereji yake zimetundikwa ishirini na tatu,
kila moja na jina la mwanamke aliyemkataa.
Aliniuliza kadi ya uanachama kabla ya salamu:
bila kadi, sheria inataka ipakwe buluu ya kuchekesha,
kama bata wa kuchezea bafuni.
Nikamwonyesha. Akahesabu noti mara mbili.

Tangu hapo tupa ya meno imepata kazi ya pili.
Kitako cha plastiki nimekitoa, nimetia cha mti wa jozi.
Bolti ya aluminiamu nimeibadili kwa ya chuma,
ili irudipo nyuma bega lijue limesukumwa.
Kifyatulio nimekilainisha kwa msasa wa maji,
valvu nimeizibua, oringi nimezikata
kwa wembe uleule wa kuchongea ufizi wa nta.
Weusi wa chuma nimeuchubua hapa na pale,
ionekane imebebwa, imeangushwa, imepanda malori.
Dosari kidogo. Najua kazi yangu.

Jumamosi shemeji Byamungu alileta sombe.
Ilikuwa juu ya meza, katikati ya taya mbili za plasta.
Hakuuliza. Aliinyanyua,
na mikono yake ikafanya mambo bila yeye:
dole gumba likatafuta swichi ya usalama,
kiganja kikavuta bolti, jicho likachungulia chemba.
Sekunde mbili. Mimi kamba za viatu zanichukua zaidi.
Kisha akailaza, polepole, mtutu ukitazama ukuta.
"Uzito umeupata," akasema. "Umekosa harufu."
Akaomba maji. Akazungumzia mvua, na bei ya gesi,
ile gesi nyingine, ya kupashia nyumba joto.

Pale kwenye kitako, alipopashika,
nilikuwa nimepanga kutia mikwaruzo mitatu.
Tupa ilikaa mkononi mpaka chai ikapoa.

Msitu nje ya Leek, Januari, Jumapili.
Baridi haipatani na gesi: pumzi inakuwa fupi,
bolti inarudi nusu njia, inasita kama mgeni mlangoni.
Kwa hiyo magazini naificha kwapani, chini ya sweta mbili,
naiatamia.
Kuku gani huyu?
Ng'ambo ya mfereji mtu anapaza sauti: nimepigwa!
Anainua mkono, anatoka kwenye mikangaga, anakwenda kunywa supu.
Ni mhasibu. Amekufa mara tisa tangu asubuhi
na mkate wake bado haujafunguliwa.
Hilo nalipenda. Nini hasa ninachokipenda, sijui,
na Byamungu sijamwambia kwamba huwa nakuja huku.

Jumatatu yupo mama wa Hanley, jino la mbele.
Mlango ulimgonga, anasema, na sisi hatuulizi.
Nachagua rangi ya kumi na moja.
Natia ufa mwembamba kama unywele, bila kusita,
kwa kuwa hili litakuwa la mtu,
litauma tofaa.
Ile nyingine ipo kabatini, imefungwa kwa fulana,
kitako laini upande mmoja.